Mabenchi Matatu ya Mama Nabwire

Vijana niliowaachia ofisi wameniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Nadhani waliniomba kwa adabu tu, jinsi mtu anavyomuuliza mgeni habari za safari huku akitazama saa, lakini mimi nimelichukua ombi lao kwa uzito kwa sababu tangu nistaafu sina shughuli nyingine. Sitaandika juu ya vyeo. Nilivyopata vilikuja polepole, na viwili kati yake vilikuja kwa sababu aliyestahili alikuwa mgonjwa. Mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na kwa kuwa kila juma mnatumwa kukagua chakula mahali msipopajua, na kula huko huko kwenye joto, nitaanza na jinsi mimi nilivyojifunza kula.

Nilifika Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katikati ya miaka ya sabini nikiwa na shahada ya chuo kikuu, kipimajoto cha chakula ndani ya ala ya ngozi, na sanduku ambalo nusu yake ilikuwa makopo. Nilikuwa nimesomea magonjwa yanayoletwa na chakula. Vijidudu nilivijua kwa majina yao ya Kilatini, na elimu hiyo ilikuwa imenifundisha kuogopa kila kitu isipokuwa biskuti. Tena mimi ni mtu wa Nyeri. Kwetu wakati huo samaki alikuwa picha katika kitabu cha darasa la tatu, na yule wa kwenye picha hakuwa na miba.

Siku mbili za kwanza nilikula makopo yangu chumbani, mlango nimeufunga, kama mwizi. Siku ya tatu Mzee Omoding alinikuta nikifuta mdomo. Mzee huyu alikuwa fundi wa afya wa ofisi yetu, Mteso aliyezunguka mpaka huo wote kwa miaka ishirini akiwa na kaptura ya kaki, baiskeli, tochi ya kumulikia ndani ya mitungi, na pua. Mkaguzi wa chakula hahitaji mengi zaidi ya hayo, ila wakati huo sikulijua hilo.

"Bwana Digirii, umekula nini?" akaniuliza.

"Maharagwe."

"Ya wapi?"

"Ya kopo."

"Hiyo kopo ni ya lini?"

Nikaenda kulitazama. Lilikuwa la zamani kuliko digirii.

Siku hiyo hiyo alinichukua kwa gari la ofisi kwenda Malaba, na njia nzima alinifundisha kazi bila kujua kwamba anafundisha. "Ukifika mahali hujui," alisema, "usiulize kuna chakula gani. Uliza watu wanakula saa ngapi. Ukila saa ya watu, unakula ya leo. Ukila saa yako peke yako, wanakupashia ya jana." Tulipovuka daraja akaendelea. "Na usiangalie sahani. Sahani mtu anaosha akikuona. Angalia kile kitambaa anapangusa nayo. Na chakula ikikuja bila moshi, mwambie arudi alete na moshi yake."

Niliyaandika kwenye daftari. Miaka mingi baadaye, nilipopewa kufundisha, niliyageuza kuwa lugha ya kitaalamu yakajaza kurasa nne, na sidhani kama yaliongezeka maana.

Aliniambia pia kwamba ajon, pombe ya wimbi ambayo Wateso huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, hutiwa maji ya moto kila mara, na kwa hiyo ni salama kuliko maji ya bomba la ofisi yetu. Kitaalamu alikuwa sahihi kabisa. Kisheria, sikuwahi kuionja.

Malaba yenyewe ilikuwa foleni. Malori yalipangana kuanzia kwenye kizuizi cha mpaka, yakapita posta, yakapita kinu cha posho, yakaendelea mpaka kwenye mashamba ya mihogo. Yalibeba chumvi, sabuni na simenti kwenda Kampala na mbele yake, na kila moja lilingoja karatasi. Dereva aliweza kukaa hapo siku nne, au tisa, akisogea kwa urefu wa lori moja, akizima injini, akisogea tena. Vijana wa baiskeli walipita katikati wakipiga kengele na kuita "boda, boda," wakiwavusha watu kwa viti vya nyuma vilivyoshonewa mto. Wanawake kutoka ng'ambo walimwita kila mwanamume ssebo, yaani bwana, na kumuuzia ndizi. Na watu wote hao walikuwa na njaa.

Kibanda cha Mama Nabwire kilikuwa karibu na posta. Paa la mabati, mbao mpaka kifuani, na nyuma yake mafiga yenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Mama mwenyewe alikuwa Msamia wa makamo, mrefu, leso kiunoni, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea kushinda injini. Kila asubuhi pikapu ilimletea ngege, yaani sato wa ziwani, kutoka Port Victoria. Saa sita aliwaepua, saa nane walikuwa wameisha, saa tisa alikuwa amesugua sufuria na kwenda kwake. Hakuwa na kiporo kwa sababu hakukuwa na kitu kilichobaki.

"Karibu, Mzee Omoding. Na huyu?"

"Huyu ni Bwana Afya mpya. Ako na digirii."

"Pole yake. Amekuja lini?"

"Jumatatu," nikajibu mwenyewe.

"Akae ile ya kwanza."

Nikamweleza kwamba sikuja kula, nilikuja kukagua.

"Kagua ukiwa umekaa," akasema. "Hakuna mtu anakukataza."

Basi nikakaa, nikatoa kipimajoto kwenye ala, nikainuka tena na kukitumbukiza kwenye sufuria. Madereva waliacha kutafuna. Mwishowe mmoja akaniuliza kwa upole, jinsi mtu anavyouliza wodini, "Daktari, samaki iko na homa?"

"Tisini na tano," nikasema kwa fahari.

"Uui! Huyo hawezi pona."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kutoka nje. Nilipakuliwa ngege yule asiyepona, ugali wa mtama na muhogo uliokuwa ukitoa mvuke, chai iliyochemka mpaka ikawa nyekundu, na ndizi mbivu yenye ganda lake. Nilimtazama samaki, naye akanitazama. Dereva jirani yangu akagundua tatizo. "Mtu wa Nyeri? Ngoja." Akanizungushia sahani. "Anzia mgongo. Hapo nyama iko mingi na mifupa iko na heshima." Nikaanzia mgongo. Vijana, nimekula karamu za warsha katika hoteli zenye zulia, lakini sijawahi tena kula kitu kilichoniaibisha kwa utamu namna ile. Nilifikiria miaka ishirini na mitano niliyopoteza. Jioni hiyo nilimpa bawabu makopo yote.

Nilipokuwa nikilamba vidole ndipo nikaona kwamba kwenye benchi la tatu, lile la karibu na mlango linalopata upepo, watu walikuwa na vitu ambavyo mimi sikuwa navyo: kachumbari, maziwa lala, na kata ya maji baridi kutoka kwenye mtungi.

"Mama, niongezee kachumbari."

"Hiyo si ya benchi yako."

Hivyo ndivyo nilivyofahamishwa. Benchi la kwanza, lililo karibu na jiko na moshi wake, lilikuwa la wageni, na mgeni hakupewa chochote ambacho hakikutoka motoni wakati huo au hakikuwa na ganda la kumenya. Benchi la pili lilikuwa la waliokaa kidogo. Waliongezewa mrenda na kunde, na yai la kuchemsha. Benchi la tatu lilikuwa la wenyeji: vijana wa baiskeli, mawakala wa forodha, na wale madereva wenye bahati mbaya ambao karatasi zao zilikuwa zimepotea na malori yao kuwekwa kando mpaka kunguru wakayazoea. Hao walikula kila kitu.

"Na unajuaje mtu amekaa siku ngapi?" nikauliza. "Mtu akikudanganya?"

Akanyoosha mwiko kuelekea barabarani. "Dereva atadanganya. Lori haidanganyi. Ikiwa nyuma ya kinu, ni mgeni. Ikipita kinu, anakaa ya pili. Mimi naangalia tu foleni."

Nikamwambia kwamba kisayansi siku chache hazitoshi mwili kuzoea maji ya mahali. Akaniambia hajui mambo ya kisayansi, lakini kabla ya kuweka mabenchi alikuwa akiona wateja wakikimbilia shamba la muhogo, na baada ya kuyaweka hawakukimbia tena. Nikaandika kwenye fomu kwamba kibanda kinahitaji kupakwa chokaa.

Kesi iliyonifunza kazi ilianza majuma matatu baadaye. Dereva mmoja wa Machakos, jina lake Mutiso, aliingia ofisini na barua ya kurasa tatu, na kwa kuwa hakuniamini kuisoma, akanisomea. Alikuwa ameendesha barabara ya Mombasa mpaka Malaba kwa miaka kumi na miwili. Alijulikana. Na bado kila safari Mama Nabwire alimkalisha benchi la kwanza, pamoja na utingo wake mwenyewe, wakipigwa moshi pamoja.

"Bwana Afya, mimi ni mgeni Malaba? Mimi? Huyu utingo ananiuliza, boss, na wewe ni wa kwanza kama mimi? Heshima yangu imeenda wapi?"

"Ulimwambia mama umekuwa ukija miaka kumi na miwili?"

"Nilimwambia. Akasema, miaka ni yako, tumbo imetoka Mombasa juzi."

Ningemcheka, lakini mimi mwenyewe nilikuwa na kidonda hicho hicho. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepandishwa benchi la pili. Tena nilikuwa nimekua nikimsikia baba akisimulia hoteli za mjini za wakati wa mkoloni, zilizokuwa na mlango wa watu fulani na dirisha la nyuma la watu fulani, na katika kichwa changu cha miaka ishirini na mitano jambo hili lilianza kufanana na lile. Nikafungua kitabu cha sheria ndogo. Nikapata kifungu kilichosema wateja wote wahudumiwe sawa. Nikaandika amri, nikaipiga muhuri, nakala nikaipeleka kwa mkubwa wetu wa mkoa ili aone jinsi ninavyofanya kazi. Tangu siku hiyo, mteja wa Mama Nabwire angekaa anapotaka na kula anachotaka, la sivyo kibanda kifungwe.

Mzee Omoding aliisoma amri ile mara mbili. "Imeandikwa vizuri," alisema. Mimi nilidhani ananisifu.

Mama Nabwire aliipokea kwa mikono miwili. "Sawa, Bwana Afya. Wewe ndiye serikali. Lakini wewe ukule wa kwanza."

Nikakaa benchi la tatu mbele ya watu wote, Mutiso akakaa kando yangu amevimba kama bwana harusi, na tukala kachumbari, tukashushia maziwa lala, tukashushia maji ya mtungini. Wale wa nyuma ya kinu wakaja wote. Palikuwa na shangwe. Mtu mmoja alinipigia makofi. Masika yalikuwa yameanza, na chemchemi ya bondeni, yalikotoka maji ya mtungi na ya kuoshea vitunguu, ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Mimi, mwenye kipimajoto, sikwenda kuitazama.

Juma hilo nilikuwa nikilala Malaba. Asubuhi ya siku ya pili, kizuizi kilifunguliwa mapema kuliko siku zote. Karatasi za malori mengi zilikuwa zimefika kwa pamoja, jambo ambalo wazee wa pale walisema halijawahi kutokea. Afisa akapuliza filimbi. Lori la kwanza halikusogea. La pili halikusogea. Ya nyuma yakaanza kupiga honi, na mawakala wa forodha wakawa wanakimbia na karatasi mkononi, wakifungua milango ya malori na kukuta viti vitupu.

Haya yote sikuyaona. Niliyasikia tu, kwa sababu nilikuwa ndani ya choo cha nyuma ya posta, na nilikuwa humo tangu alfajiri. Wakala mmoja akagonga mlango.

"Mutiso! Mutiso, uko ndani? Karatasi imetoka!"

"Mimi si Mutiso," nikasema.

"Ni nani?"

"Bwana Afya."

Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake, "Basi tumekwisha."

Mutiso alikuwa shambani, kwenye mihogo, na utingo wake mahindini, kila mmoja akimwita mwenzake kuhakikisha yuko hai. Kizuizi kilifungwa tena saa sita, malori yakiwa pale pale. Hakuna aliyefikia kulazwa. Mama Nabwire alipika uji mwepesi wa wimbi, akautia chumvi kidogo na sukari, akautembeza kwenye foleni nzima kwa ndoo bila kusema neno hata moja la lawama. Kuvumilia hilo kulikuwa kugumu kuliko tumbo.

Nilipoweza kusimama, niliteremka bondeni na chupa zangu za sampuli. Maabara walirudisha karatasi iliyosema yale niliyokuwa nimeshaambiwa na tumbo. Nikamwendea Mama Nabwire, nikachana ile amri mbele yake, nikamwomba msamaha, nikamwomba pia kitu kimoja: maji ya mtungi yachemshwe hata kwa benchi la tatu, na vitunguu vioshwe kwa hayo hayo.

"Wenyeji watasema maji haina ladha," alisema.

"Waambie ni mimi."

"Nitawaambia ni wewe. Usijali." Na kweli, kwa miaka mingi vijana wa baiskeli walinilaumu kwa ladha ya maji.

Mutiso naye, siku ya kwanza alipoweza kula, aliingia akitembea polepole, akakaa benchi la kwanza bila kuambiwa. Utingo wake akamsogezea nafasi. "Karibu, boss," akasema. "Hapa moshi si mbaya."

Mambo yangeishia hapo kama habari ingebaki Malaba. Lakini habari ilisafiri na malori. Ilipofika makao ya mkoa ilikuwa imekuwa hivi: kuna kibanda mpakani kimelaza foleni nzima. Leseni ya Mama Nabwire ilikuwa inaisha mwezi huo, na mkubwa wetu akatuma neno kwamba hataisaini mezani, atakuja mwenyewe na ataifuta papo hapo. Mama Nabwire hakuwa na shamba la maana wala kazi nyingine. Kile kibanda ndicho kilichosomesha watoto wake wanne. Na aliyekuwa amekiponza si vitunguu, ni mimi.

Mkubwa alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye suti ya rangi ya majani makavu na kalamu mbili mfukoni. Alishuka kwenye gari karibu saa sita mchana, leseni ikiwa kwenye jalada kwapani. Madereva walijaa mlangoni kutazama. Nikamwendea kabla hajaingia, kwa sababu nilijua nikingoja nitaogopa, nikamweleza kila kitu: mabenchi, amri, muhuri wangu, chemchemi niliyoacha kuikagua. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio kazini. Nilizungumza nikitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Wakubwa wote wanahangaika namna ya kufunga huu mpaka, wewe umeufunga kwa kitunguu."

"Ndiyo, mkubwa."

"Yako nitaijadili ofisini. Sasa nataka kuona hiki kibanda chenyewe, na nataka kula, halafu nitaamua."

Akaingia, akapita benchi la kwanza, akapita la pili, akawa anaketi kwenye la tatu.

"Mzee," Mama Nabwire akasema, "umekuja lini?"

"Leo. Kwani?"

"Basi unakaa hapa mbele."

Waliokuwa wakila wakaacha kutafuna, kama siku ile ya kipimajoto. Mkubwa akatabasamu, tabasamu la mtu anayemsamehe asiyejua. "Mama, mimi si mgeni. Mimi ni mtu wa hapa. Nimezaliwa Kocholia, pale juu. Maji ya huku nimekunywa kabla hujaanza kupika."

"Na sasa unaishi wapi?"

"Kazi ilinipeleka Nairobi miaka kumi na tano. Sasa niko mkoani."

"Basi wewe ni mtu wa hapa," alisema Mama Nabwire, "lakini tumbo yako ilihama."

Mtu mmoja alicheka akajiziba mdomo. Uso wa mkubwa ulibadilika. Nilimtazama Mama Nabwire nikitamani anione, nikitamani ajue hesabu niliyokuwa nikiipiga kichwani. Akimwacha akae benchi la tatu, maji yalikuwa yamechemshwa, lakini maziwa je? Mtu akiumwa na chochote usiku huo, hata na chakula cha kwingine, kibanda kimekwisha. Akimkatalia, amemwaibisha mbele ya madereva na vijana wa baiskeli, na kibanda kimekwisha sasa hivi. Mkubwa aliweka jalada kwenye meza ya benchi la tatu, akaweka kiganja juu yake.

"Mama, unajua hii ni nini?"

"Ni leseni yangu."

"Na bado unanikatalia?"

"Nakukatalia." Sauti yake ilitetemeka kidogo. Ndiyo mara pekee niliyowahi kuisikia ikitetemeka. "Ukitaka kufunga, funga. Lakini sitakupatia kitu ya kukuumiza ndiyo unipatie karatasi. Mzee, nikuulize. Mama yako ako?"

"Yuko. Kocholia."

"Ukienda kumwona kutoka Nairobi, siku ya kwanza anakupatia nini?"

Mkubwa akafungua mdomo kujibu haraka, kisha akasita.

"Uji," akasema.

"Ya moto?"

"Ya moto."

"Na nini ingine?"

"Kuku. Mayai ya kuchemsha." Alikuwa akiongea polepole sasa, akitazama meza, kama mtu anayehesabu sahani za miaka mingi. "Ndizi."

"Maji ya mtungi anakupatia?"

"Ananiambia nimeshazoea chai ya mjini. Ananiletea chai. Mimi nilidhani ananiheshimu. Nilidhani ni kwa sababu nimekuwa mkubwa."

"Anakuheshimu," Mama Nabwire akasema. "Anakukalisha ya kwanza."

Aliyeanza kucheka alikuwa mkubwa mwenyewe. Alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka mfukoni, na kicheko kikatoka mlangoni kikapita kwenye foleni, na malori ya nyuma ya kinu, ambayo hayakujua kilichotokea, yakapiga honi. Mkubwa akachukua jalada lake, akasogea benchi la kwanza, akakaa katikati ya Mutiso na utingo wake, waliokuwa wamefika tena kutoka Mombasa, machozi yakimtoka, mengine ya moshi. Akala ngege wawili. Alianzia mgongo. Huyo hakuhitaji kufundishwa.

Alisaini leseni papo hapo, juu ya goti lake. Juu ya mambo yangu alisema tu kwamba nitaendelea na majaribio kwa miezi sita zaidi, tena hapo hapo Malaba, adhabu ambayo niliipokea kwa uso wa huzuni niliokuwa nimeufanyia mazoezi usiku kucha.

Mama Nabwire alifuta mikono kwenye leso, akaichukua karatasi, akaikunja bila kuisoma na kuitia kifuani. Mkubwa alikuwa ameshafika kwenye gari alipomwita.

"Mzee! Sasa unaenda wapi?"

"Napitia Kocholia, nimwone mama."

"Basi umsalimie. Mwambie Mama Nabwire wa Malaba anamsalimia sana."

Mkubwa akashika mlango wa gari. "Kumbe mnajuana?"

"Hapana," alisema Mama Nabwire. "Lakini msalimie tu."